Moja Inatosha

Kibet, kijana wangu,

Tangu Mungu aanze kazi ya kuwapachika watu macho, hajawahi kupachika mengine kama haya ya baba yako. Nilikuwa namtoa nzi kwenye sikio la ng'ombe kwa risasi, na ng'ombe anaendelea kutafuna. Bonde zima linajua. Kuku wakiniona nimebeba bunduki walikuwa wakijipanga wenyewe, wafupi mbele, warefu nyuma, ili wasinisumbue. Na sura pia sikunyimwa. Ndiyo maana hapa Dubai watu wanadhani wewe ni mdogo wangu, na wale wenye macho mazuri zaidi wanadhani wewe ndiye kaka mkubwa.

Cheka sasa, maana barua hii haitabaki hivi.

Nakuandikia mchana, nimejilaza kitandani hapa International City, karatasi nimeiweka juu ya sinia. Wewe umekwenda Deira kwa ajenti wa kazi ya ulinzi kuchukua viatu na mkoba wa safari. Utakaporudi jioni nitakuwa kwenye basi la kampuni naenda zamu Al Barsha, na ndege yako ya Baghdad inaruka alfajiri, kabla sijashuka zamu. Nilimwomba sir, msimamizi wetu, aniachie nikusindikize. Akafungua kompyuta yake, akaniambia, "Hapa imeandikwa hujaoa. Mtoto umemtoa wapi?"

Nikamjibu, "Sir, kwetu mtoto hatoki kwenye kompyuta."

Hakucheka. Sasa nimepewa geti la nyuma, lile la malori ya takataka, mpaka nijifunze kujibu.

Yohana anakoroma hapa juu yangu. Akijigeuza, vyuma vya kitanda vinalia na vumbi la godoro lake linanishukia usoni. Ningemwachia yeye barua akukabidhi, maana ndiye mtu mwaminifu kuliko wote katika chumba hiki, na ndiye anayekupikia ugali tangu ulipofika mwaka jana. Lakini sitaki mikono ya Yohana iiguse karatasi hii. Ukifika katikati utaelewa. Nitaiweka ndani ya shati lako la kanisa, lile ambalo najua utalikunja mwisho.

Sitakuambia ufue soksi wala upige mswaki. Hayo nyanya yako alikufundisha, na mimi nilikuongezea kwa kadi za simu, dakika tano tano, nikipigiwa makelele na Wahindi na Wapakistani waliopanga foleni nyuma yangu. Sitakuambia pia uogope Mungu. Nilisoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililitazama zaidi kupitia dirishani, kwa hiyo mahubiri nawaachia waliokaa ndani. Nitakuambia mambo niliyoyaharibu mimi. Hayo nina digrii nayo.

Na usidhani nakuandikia kukukataza. Umekwisha kutia sahihi. Pasi yako iko kwenye droo ya ajenti, yangu iko kwenye kabati la kampuni; mimi na wewe hatuna hata karatasi ya kuonyesha kwamba tulizaliwa. Mtu aliyefungiwa ndani hana sauti ya kumkataza mwenzake asitoke. Tena mlango huo unaoutokea, mimi ndiye niliyeufungua.

Unaikumbuka ile simu. Tulikuwa tumesimama pale kituo cha basi, ajenti akanipigia.

"Wewe ndiye baba wa huyu kijana?"

"Ndimi, kwa bahati yake."

"Anasema ulikuwa homgadi wa kulinda mifugo kwenu, mlenga shabaha. Yeye mwenyewe amewahi kushika silaha?"

Kibet, wewe hujawahi kushika hata manati ikaenda mbele. Jiwe lako moja lilivunja taa ya duka lililokuwa nyuma yako, mpaka leo nyanya yako anasimulia. Lakini ulikuwa umenikodolea macho yale yale ya utotoni, ya kunitazama kama mimi ndiye niliyelitundika jua. Nikamwambia ajenti, "Huyo? Nimemfundisha mwenyewe. Akipiga, hahangaiki kwenda kuangalia."

Ajenti akacheka, akasema khalas, mlete. Wewe ukanikumbatia pale pale mbele ya watu. Basi likaja, tukaingia, nikajisifu njia nzima. Nilipofika chumbani nikaenda chooni, nikajifungia, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa mpaka mtu akagonga akiuliza kama nimehamia huko.

Hilo ndilo kosa langu la karibuni. Yapo mengine nyuma yake, na yanashikana kama ng'ombe waliofungwa kamba moja.

Nianze na hapa tulipo. Watu nyumbani wanadhani Dubai ni kufuli la Waarabu. Nami nimewaacha waamini. Kila likizo ilipofika niliwaambia kafeel, yule tajiri anayenidhamini, amekataa, pasi imeshikwa, sir ni mkali. Kweli pasi imeshikwa. Lakini mara mbili kampuni ilinipa tiketi ya kwenda nyumbani, imelipwa, na mara mbili nilienda ofisini nikasema nipeni pesa yake, nabaki kazini. Yule karani wa ofisini, mama mmoja Mfilipino, alinitazama akauliza, "Huna watu?" Nikamwambia ninao wengi mno, madam, wananichosha. Hata yeye hakucheka. Nina bahati mbaya na watu wa ofisi.

Nilikuwa naogopa bonde letu, Kibet. Sikuogopa wezi. Niliogopa ile njia inayoshuka kutoka kilimani hadi boma la nyanya yako.

Badala yake nikakaa hapa nikilinda theluji. Hilo nililijisifia kwako mpaka simu ikakata: homgadi wa kwanza kutoka bondeni kulinda mlima wa theluji uliojengwa ndani ya duka. Ni kweli, nimeulinda. Usiku, watu wakishaondoka, unasikia mashine tu zikivuma ili theluji isiyeyuke, na nje ni joto la kuchemsha yai juu ya bati. Nilikuwa natazama ule mlima nasema, wewe na mimi ni ndugu. Sisi wawili tumewekwa ndani ya baridi, na mtu akizima umeme tutageuka maji machafu.

Sasa tuje kwa Ijumaa.

Wewe umezikuta Ijumaa zetu zimekwisha kuwa mila, lakini hazikuanza zamani. Kijana mmoja wa Busia aliyekuwa analala kile kitanda cha dirishani alipigiwa simu kwamba kaka yake amepigwa risasi na majambazi dukani kwake. Hakuweza kwenda kuzika. Tuliporudi kutoka kanisani Oud Metha, tukamkuta amekaa sakafuni, chai imepoa mbele yake. Watu wakaanza yale maneno yetu: ni mipango ya Mungu, siku yake ilikuwa imefika. Yohana akasema hapana. Unamjua Yohana, huwa hana maneno mengi, lakini siku hiyo aliyatoa.

"Bwana huyu asiambiwe siku ilifika. Kuna mtu aliiharakisha. Kila tukisema amekufa tu, tunamfunika aliyepiga."

Basi akaweka utaratibu wake. Ijumaa, chai ikiwa tayari, kila aliyepoteza mtu kwa bunduki anasema jina, kisha anasema mkono. Jina la marehemu na mkono uliopiga, kama unajulikana. Hakuna hotuba. Jina, mkono, unapokea kikombe chako. Nilidhani ni wawili watatu tutakaosema. Kibet, chumba hiki kina watu kutoka kila pembe ya nchi, na vikombe havikutosha. Majambazi, polisi, wezi wa ng'ombe, kijana aliyekuwa anachezea bastola ya mjomba wake. Wenzetu wa vyumba vya jirani wakaanza kuja, Waganda, Watanzania, wengine wanasimama kwenye korido wanasema jina wakiwa mlangoni. Kila Ijumaa majina yale yale, na hakuna anayechoka kuyasikia. Yohana anasema watu wakizoea kusikia mkono ukitajwa, iko siku mkono utaogopa.

Ijumaa ya kwanza zamu yake ilipofika, Yohana alisema, "Regina, dada yangu. Mkono, vijana wa ng'ambo ya mto."

Ng'ambo ya mto, kwake, ni kwetu.

Zamu ikaja kwangu. Nikasema, "Chepkorir, mke wangu. Mkono, wezi wa ng'ambo."

Ng'ambo ya mto, kwangu, ni kwao.

Tulikuwa tumelala kitanda kimoja cha ghorofa kwa miezi mingi, mimi chini yeye juu, tukikopeshana sabuni, bila kuulizana mto wa kwetu ni upi. Nilidhani atanirukia. Alinimiminia chai, akaongeza sukari kijiko cha pili, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

Hadithi ya mama yako unaijua, nimekusimulia kwa simu kila ulipoomba, na nilikuwa naipamba kila mara. Nilivyowafuata wezi peke yangu mimi na binamu yangu Kiptoo. Nilivyowanyang'anya ng'ombe wote. Wezi walivyotufuata kwa nyuma kama fisi, wakampiga mama yako alipotoka kunipokea, nami nikawakimbiza mpaka mtoni nikilia na kupiga. Mwaka uliomaliza shule nilikuongezea na mvua ya radi. Uliipenda ile radi.

Ijumaa iliyopita ulikuwa hapo, umekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, umenyoa vizuri kwa ajili ya safari. Zamu ikakufikia. Ukasimama, ingawa hakuna anayesimamaga. Ukasema, "Chepkorir, mama yangu. Mkono, wezi wa mifugo. Na mimi naenda kushika bunduki ili mama ya mtu mwingine asife kama wangu." Kisha ukamgeukia Yohana, ukamwambia, "Mjomba, sina kinyongo na wewe."

Yohana akainamisha kichwa. Watu wakasema amina. Yule wa Busia akafuta macho. Mimi nikasema kwa sauti, "Mnaona? Damu yangu hiyo," wakacheka kidogo, maana walihitaji kucheka.

Tangu Ijumaa hiyo sijalala. Nimekusikiliza ukipumua kwenye lile godoro la sakafuni na nimemsikiliza Yohana akipumua juu. Niko katikati kama karanga kwenye ganda.

Nikuambie kitu ambacho hukijui. Yapata mwezi mmoja baada ya ile Ijumaa ya kwanza, Yohana alinifuata kule juu ya paa tunakoanika nguo. Alikuwa ameshika shati bichi. Akasema, "Nimepiga simu nyumbani nikauliza habari za mke wako. Wote wanasema si sisi. Siku ile vijana wetu hawakuvuka, walikuwa wamekwisha kuwaacha ng'ombe na kukimbia. Lakini kila mtu husema si sisi. Kwa hiyo mimi nakuomba msamaha. Kwa niaba yao, hata kama hawajaniagiza."

Nilikuwa na nafasi, Kibet. Tulikuwa wawili tu na kamba ya nguo. Ningeweza kusema neno moja.

Nikampa mkono. Nikamwambia, "Nimekusamehe."

Na yeye akalia.

Nimefanya mambo mengi ya kijinga. Niliacha shule nikafuate sinema za video pale sokoni. Nilimpa mama yako mimba nikiwa na miaka kumi na saba na nikamwambia baba yake kwamba ana bahati. Lakini hakuna jambo linalonichoma kama ule mkono wa Yohana, umelowa maji ya kufulia, nikiushika kwa ukarimu kama mfalme.

Halafu mwezi uliopita nikapelekwa kazi ya ziada, kulinda mlango kwenye hema la harusi, huko huko Al Barsha. Nilikuambia walinipa nyama mpaka nikashindwa kutembea. Sikukuambia lililotokea kabla ya nyama. Vijana wa pale hucheza na bunduki. Wanazizungusha, wanazirusha juu, zinang'aa kwenye taa, wanazidaka. Nilisimama nikijisemea, hawa wangekuja bondeni niwafundishe. Mara mtoto akapasua puto.

Puto tu. Nilipopata akili nilikuwa chini ya meza, nimekumbatia mguu wa meza, tende zimenimwagikia kichwani. Nikasikia mtu ananisemesha kwa Kiswahili safi cha Unguja.

"Kijana, watafuta nini huko chini?"

Alikuwa mzee wa harusi, babu wa bwana harusi, kanzu nyeupe, amejiinamisha na fimbo yake. Alizaliwa Unguja, aliniambia baadaye.

"Nakagua usalama, mzee."

"Na hizo tende waziweka salama nyweleni?"

Nikatoka nikijipangusa. Vijana wakawa wanacheka, na wana haki. Mzee akamwita mmoja, akachukua bunduki yake, akanipa nishike. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa mbao, imepakwa rangi tu.

"Zamani zilikuwa za kweli," akasema. "Harusi ikikolea twapiga juu. Furaha, unajua. Moja ilipanda ikashuka, ikamkuta mtoto wa dada yangu."

Sijui kwa nini niliuliza. Nikauliza, "Nani alipiga?"

"Mimi," akasema.

Alisema kama mtu anayeulizwa ni nani mwenye gari lililoziba njia. Hakushusha sauti. Mjukuu wake alikuwa amesimama pale pale na hakushtuka, maana yake alikwisha kulisikia neno hilo maisha yake yote.

"Dada yako alifanyaje?"

"Nilimwendea nikamwambia ni mimi. Hakunisemesha mpaka nywele zangu zikawa hivi. Sasa twasema. Haya, rudi mlangoni kwako, na toa hiyo tende sikioni."

Nilisimama mlangoni mpaka harusi ikaisha na lile neno moja dogo limenikaa mdomoni kama punje ya mchanga. Kwenye basi nililijaribu kimyakimya. Mimi. Mimi. Yule dereva akaniangalia kwenye kioo. Nikaanza kupiga mluzi.

Nimekaribia mwisho wa karatasi, Kibet, na Yohana ameacha kukoroma. Sasa nikusimulie bila radi.

Unajua desturi yetu. Ng'ombe walioibwa wakirudishwa, homgadi hasongi nao moja kwa moja hadi bomani, maana akina mama waliojificha hawajui anayekuja ni nani. Anasimama pale kilimani, anapiga risasi moja juu. Ile moja inasema, ni sisi, tokeni. Wanatoka na vibuyu vya maziwa, wanawanyunyizia ng'ombe waliorudi, wanaimba. Ni moja tu. Wazee walikuwa wakali kwa hilo.

Mama yako alikuwa mkali zaidi ya wazee. Mimi nilikuwa naongeza, unanijua. Nilikuwa napiga mbili, tatu, ili bonde lijue kwamba ni mimi na si homgadi mwingine. Akinikuta nyumbani ananiambia, "Moja inatosha. Yako naijua hata nikiwa usingizini." Lilikuwa neno lake la kila kitu. Nikitia sukari kwenye chai: moja inatosha. Nikianza hadithi ya pili kabla ya kula: moja inatosha. Hata wewe ulipozaliwa, nikiwa nimesimama mlangoni najisifu kwa majirani kwamba nitaleta kumi, aliniita kutoka ndani, sauti imechoka, akasema hilo hilo, na wanawake wote wakaangua kicheko. Mama yako alinipenda, Kibet, na hakuniamini hata siku moja. Sijapata mtu mwingine mwenye akili kiasi hicho.

Siku ile wezi walikuwa wamekimbia mapema. Hatukupigana na mtu. Tuliwakuta ng'ombe wamesimama wenyewe kwenye nyasi za mtoni, tukawaswaga kurudi, mimi na Kiptoo, tukiimba. Mvua ilikuwa imenyesha, ya kawaida. Tukafika kilimani. Nikapiga ya kwanza, juu, sawasawa, kama inavyotakiwa. Akatoka. Alitoka wa kwanza kabla ya wanawake wote, kwa sababu alikuwa anaijua. Alianza kuipanda ile njia na kibuyu mkononi, na wewe ulitaka kumfuata, nyanya yako akakushika.

Nikapiga ya pili, kwa sababu Kiptoo alisema mkono wangu umechoka.

Halafu nikataka kumwonyesha ile niliyoiona kwenye video, ya mkono mmoja, bunduki kiunoni, bila kuangalia. Mama yako alikuwa karibu kiasi cha kunisikia nacheka. Alinyanyua mkono mmoja, kidole kimoja juu. Najua alichokuwa anasema.

Udongo ulikuwa na utelezi. Mguu wangu ukaenda. Mtutu ukashuka.

Kilichoanguka kwanza ni kibuyu.

Kiptoo ndiye aliyesema, "Wezi, wametufuata." Alisema kwa ajili yangu, alikuwa ananipenda. Nyanya yako akaja anakimbia, akapiga magoti, akanitazama, akauliza ni nani. Mimi sikusema neno. Ningesema lolote, hata uongo wenyewe, labda ungenikwama. Nilinyoosha tu kidole, kuelekea mtoni.

Kabla ya matanga kuisha, vijana wetu walivuka kufuata kile kidole. Walimkuta msichana anachota maji. Ndiye Regina. Yohana anasema alikuwa na sauti nzuri na alichelewa kurudi kwa sababu alikuwa anaimba.

Kwa hiyo ukifika huko, wakikuuliza kwa nini ulikuja kushika bunduki, usimtaje mama yako. Sema ulifuata pesa. Mama yako hakuwahi kumtuma mtu kushika bunduki. Alikuwa anainua kidole, risasi iishie pale. Na ukirudi, au usiporudi kwangu kabisa, nitaelewa. Kama yule mzee alingoja mpaka nywele zikawa nyeupe, mimi bado nina nywele nyeusi na nzuri, wajua.

Ijumaa hii chai itachemka kama kawaida. Nitakaa pale ulipokaa wewe, Yohana atakuwa mbele yangu na birika. Sijui atafanya nini na kikombe changu. Sijui nitalala kitanda gani. Lakini sikutaka alisikie yeye kabla yako. Kwa hiyo nalisema hapa kwanza, kwa utaratibu wake Yohana, jina kisha mkono.

Regina, dada yake Yohana. Mkono uliopiga siujui, lakini kidole kilichouonyesha njia ni changu.

Chepkorir, mama yako. Mkono, mimi.